Sabuni ya mfungwa, nauli ya mkewe

Mary Kay Beard alikuwa jambazi wa Marekani aliyefungwa Alabama. Alihukumiwa miaka 21 jela, akatumikia takriban sita. Kila Krismasi watu wa makanisa walikuja gerezani na vizawadi vya sabuni na dawa ya meno, na Beard akagundua kwamba wafungwa wenzake hawavitumii. Walivifunga upya, wakavitunza mpaka siku watoto wao watakapokuja kuwaona. Mama hakuwa na kingine cha kumpa mwanawe. Alipotoka, Beard alijiunga na Prison Fellowship, shirika lililoanzishwa mwaka 1976 na Charles Colson, msaidizi wa Rais Nixon aliyefungwa katika sakata la Watergate. Mwaka 1982 akasimamisha miti ya Krismasi madukani na kuitundikia malaika wa karatasi, kila mmoja na jina la mtoto wa mfungwa pamoja na kitu anachokihitaji. Mnunuzi anachukua malaika, ananunua, na mtoto anakabidhiwa zawadi hiyo kwa jina la mzazi wake aliye ndani. Mpango huo, Angel Tree, upo mpaka leo.

Huduma ya magereza ya makanisa yetu mengi hapa Tanzania bado imesimama pale Beard alipoikuta. Ikikaribia Krismasi au Pasaka, gari la parokia au la usharika linapakiwa sabuni, sukari na taulo za kike. Kwaya inaimba, mchungaji anahubiri, picha inapigwa getini. Silibezi jambo hilo. Kwa mfungwa asiye na ndugu, kipande cha sabuni si kitu kidogo. Ila andiko linalotupeleka pale, Mathayo 25, likifika kwenye kifungo linamtaja mfungwa mwenyewe tu. Aliyeachwa nyumbani halimtaji, nasi tumelishika neno kwa neno. Swali langu ni kama kanisa liifikie pia familia ya mfungwa, hasa ya mtumiaji wa unga, yaani heroini.

Na nyumbani ndiko hesabu inakofanyika. Mtumiaji wa unga anapokamatwa na kete zake Kinondoni au Temeke, kaya yake imeshafilisika kabla polisi hawajafika. Mtungi wa gesi ulishauzwa, simu ya mama ilishauzwa, pengine hata mabati ya jikoni. Baada ya kukamatwa inaanza awamu ya pili: chakula cha kupeleka kituoni, mtu wa kumdhamini, faini kama hakimu ametoa nafasi ya faini, kisha nauli ya kwenda gereza la Keko au la Segerea. Akihamishiwa Isanga kule Dodoma au Ruanda, Mbeya, mke anachagua kati ya kumwona mumewe na kulipa kodi ya chumba. Watoto shuleni wanaambiwa baba yenu yuko safarini, mpaka siku mtoto wa jirani atakapotoboa siri.

Kwa kaya kama hiyo, ni nani mwenye uwezo wa kufika? Hapo ndipo hoja ya wanaolitetea kanisa inapokuwa na nguvu. Afisa ustawi wa jamii, hata akiwa mchapakazi namna gani, anahudumia maelfu ya watu na mafaili yake hayaishi. Kanisa Katoliki lina jumuiya ndogo ndogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliukumbatia miaka ya 1970: kaya za mtaa mmoja zinakutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Madhehebu mengine yana ibada za nyumbani. Watu hawa wanajua nani hakuwasha jiko jana. Wanajua pia ni mtoto gani ameacha kuja mafundisho ya kipaimara kwa sababu viatu vimechanika. Hakuna idara ya serikali yenye macho ya karibu namna hiyo, wala si rahisi kupata mradi wa wafadhili unaodumu miaka kumi na tano, ambayo ndiyo urefu wa baadhi ya vifungo vya dawa za kulevya.

Ushahidi nao upo. Mwaka 2011 Idara ya Magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilitoa utafiti uliofuatilia wafungwa zaidi ya 16,000 walioachiwa kati ya 2003 na 2007. Waliotembelewa hata mara moja walikuwa na hatari ndogo zaidi, kwa asilimia 13, ya kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Ziara za ndugu zilisaidia, na ziara za viongozi wa dini zilisaidia. Ziara za wenzi walioachana nao ziliongeza hatari, jambo ambalo halitamshangaza yeyote aliyewahi kusuluhisha ndoa. Minnesota si Morogoro, najua. Lakini haja ya mfungwa kujua kwamba kuna mlango utakaofunguliwa siku akitoka sidhani kama inabadilika kwa kuvuka bahari.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi ya ile inayosikika kila siku kwamba wachungaji wanatafuta waumini. Hoja yenyewe inahusu namna huduma hizi zinavyojipima. Mwaka 1997 Prison Fellowship ilianzisha Texas mpango wa gerezani uliojengwa juu ya Biblia, ulioitwa InnerChange. Ripoti ya mwaka 2003 ilionyesha kwamba waliohitimu waliorudi gerezani ndani ya miaka miwili ni asilimia 8, ilhali kwa wafungwa wa aina yao ambao hawakushiriki ilikuwa asilimia 20.3. Wanasiasa wakashangilia. Lakini waliojiunga walikuwa 177 na waliohitimu 75 tu, na ili kuhitimu ilibidi mtu awe ametoka, amepata kazi na anahudhuria kanisa. Ukiwahesabu wote 177, waliorudi gerezani ni asilimia 24.3, kidogo juu ya wale ambao hawakuguswa kabisa na mpango huo. Ripoti yenyewe haikuficha namba hiyo. Ni washangiliaji walioiruka. Tutende haki pia: tathmini ya baadaye ya mpango huohuo kule Minnesota ilikuta umepunguza urudiaji wa makosa, na watafiti walitaja kwamba washiriki walikuwa na mlezi wa kujitolea aliyeanza nao gerezani na kuendelea nao uraiani.

Sisi hatuna ripoti, tuna ushuhuda. Kijana aliyeacha unga anasimamishwa madhabahuni, anasimulia alivyokuwa anakwapua simu Kariakoo, kanisa linapiga vigelegele. Walioanza naye wakarudia hawapewi kipaza sauti. Ubaya zaidi unamfika huyohuyo kijana: uraibu ni ugonjwa wa kurudia, na akirudia baada ya kusimama mbele ya watu mia tano, haoni njia ya kurudi kanisani. Mama yake naye anabadilisha ibada, anahamia ya saa kumi na mbili asubuhi ambayo watu ni wachache.

Kuna suala la dawa pia. Kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, kisha zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoani. Methadoni inaondoa arosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga, na kumpa mtu siku nzima ya kufikiri kitu kingine zaidi ya kete. Wapo watumishi wanaowaambia wagonjwa kwamba hiyo ni dawa ya kulevya kwa jina lingine na kwamba aliyefunguliwa na Yesu haihitaji. Hapa sitafuti mizani. Mchungaji anayemwachisha mgonjwa dozi anamrudisha kijiweni, tena na mwili uliopoteza uzoefu wa heroini, hali ambayo dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Maombi na kliniki havijawahi kugombania saa moja ya siku.

Mgumu kuliko yote ni msamaha. Kanisa likiingia kwenye nyumba ya mraibu linapenda kuona ndoa imesimama tena, na mke anapewa maneno ya kuvumilia na kumpokea. Lakini mke huyo huenda alipigwa, watoto waliona, na kwa mara ya kwanza katika miaka minane analala bila kushika mkoba wake. Anaweza kusamehe na bado asitake kuishi naye. Jumuiya inayomsukuma inamhudumia mwanamume kwa gharama ya kaya. Vilevile nyumba nyingi za watumiaji wa unga Dar es Salaam, Tanga na pwani nzima ni za Waislamu. Mfuko wa unga wa sembe unaokuja na mwaliko wa ibada unamwekea mama wa watu mtego asioustahili.

Nikipima yote, naona huduma hii inastahili kuungwa mkono pale inapoacha kuhesabu waliookoka na kuanza kuhesabu mambo ya kawaida. Methadoni kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, na dawa yenyewe hutolewa bure. Kinachowaangusha wengi ni nauli ya kwenda na kurudi, siku saba kwa wiki, kwa mtu asiye na kazi. Nauli hiyo na ile ya mke kwenda gerezani mara moja kwa mwezi ni gharama ambazo kigango kinaweza kuzibeba. Vivyo hivyo sare za watoto, na mtu wa kumsindikiza mama mahakamani ili asikae peke yake kwenye benchi. Na msamaha wa Rais unapotangazwa Desemba 9 au Aprili 26, awepo mtu wa kuuliza familia wiki hiyohiyo kama iko tayari kumpokea, na kama haiko, nyumba gani ya upataji nafuu, wanakokaa waraibu wanaoacha, ina nafasi.

Wahazini watasema nauli haina risiti, na kweli bodaboda haitoi risiti. Lakini geti la gereza lina kitabu cha wageni, na mgonjwa mwenyewe, kwa ridhaa yake, anaweza kuleta kadi yake ya kliniki. Hizo hesabu zinatosha kusomwa kwenye kikao cha mwisho wa mwaka, bila kumsimamisha mtu mbele.