Kuzima hisia au kuzitawala: kinga dhidi ya madementa

Katika riwaya za Harry Potter, madementa ni viumbe wanaolinda gereza la wachawi la Azkaban na kufyonza furaha ya mtu mpaka abaki na kumbukumbu zake mbaya tu. Kwa kuwa chakula chao ni hisia, wapo wanaosema kinga ni kuzizima: asiyehisi kitu hana cha kuibiwa.

Hoja hiyo ina mashiko. Sirius Black, baba wa ubatizo wa Harry, alikaa Azkaban miaka 12 bila kurukwa na akili. Alishikilia jambo moja, kwamba hana hatia. Halikuwa wazo la furaha, hivyo hawakuweza kumnyang'anya. Hali ilipomzidi alijigeuza mbwa, na hisia za mbwa ni sahili mno kwa viumbe hao wasio na macho kumtambua.

Lakini tazama uchawi wenyewe wa kuwafukuza, Patronus. Profesa Lupin anamtaka mwanafunzi wake Harry akaze akili kwenye kumbukumbu ya furaha kubwa. Harry anaanza na siku aliyopanda ufagio mara ya kwanza, haitoshi. Anapokumbuka alivyojua kuwa ni mchawi na ataondoka kwa akina Dursley, jamaa waliomlea, ndipo kivuli cha fedha kinachomoka kwenye fimbo yake. Kinachomkwamisha si woga peke yake. Dementa akimkaribia, Harry husikia sauti za wazazi wake waliouawa, na moyoni anatamani kuendelea kuzisikia. Hapo ndipo udhibiti wa hisia unapohitajika kweli: kuchagua furaha wakati huzuni inakuita kwa sauti ya mama yako.

Snape, mwalimu mwingine wa Harry, anafundisha kinyume. Anapomfunza Harry kumfungia akili Voldemort, mchawi mwovu aliyewaua wazazi wake, anamwamuru aondoe hisia zote, na kijana anashindwa. Kushindwa huko kuna gharama kubwa: Voldemort anamtumia picha ya uongo, Harry anakwenda kumwokoa Sirius, na Sirius anauawa. Siwezi kuidharau njia ya Snape nikikumbuka hilo. Hata hivyo, katika kitabu cha mwisho, cha 2007, Harry anaweza kumfungia nje Voldemort akimchimbia kaburi rafiki yake Dobby kwa sepetu, bila uchawi, huku msiba umemjaa.

Na Snape mwenyewe, fundi wa kufunga akili aliyemdanganya Voldemort kwa miaka, Patronus wake ni paa jike, alama ya mapenzi yake kwa Lily, mama yake Harry. Hakuwa mtupu ndani. Alijua cha kuficha na cha kushikilia, na hilo hakumfundisha Harry.