Simu haioni aliyekaa pembeni

Mwandishi wa makala yenu kuhusu tafiti za simu anasema tafiti hizo sasa zitachukua nafasi ya mdadisi, yaani muuliza maswali ya utafiti anayebisha hodi, eti ni haraka na nafuu. Kwa kuuliza bei ya unga, sina ubishi. Kwa kuuliza ukatili wa majumbani, hapana. Nimefanya udadisi vijijini: mama anajibu, mume yuko hapo hapo kwenye kigoda anachonga mpini wa jembe, na kila jibu ni "hatuna shida". Baba akitoka kunywesha ng'ombe, dodoso lile lile linaanza kupata majibu mengine. Kwenye simu utajuaje nani anasikiliza? Na simu yenyewe mara nyingi ni ya baba! Ndiyo maana kwenye tafiti za afya ya uzazi na mtoto, maswali haya huulizwa mwanamke mmoja tu katika kaya, na faragha isipopatikana hayaulizwi kabisa.

Halafu hiyo asilimia mliyoipamba kwenye kichwa cha makala hiyo ni ya waliopokea simu tu. Waliokata, na wasio na simu, mmewaweka wapi? Tuambieni basi walipigiwa wangapi.