Mwarobaini umekatwa, mzee aende wapi?
Nimesoma makala inayowalaumu wazee kwa kushinda mbele ya runinga. Njooni Nkuhungu, hapa Dodoma, mumwone baba yangu, miaka 74. Alikuwa na kijiwe chake cha bao chini ya mwarobaini, hatua chache tu kutoka getini. Barabara ilipopanuliwa mti ukakatwa, na benchi likaondoka nao. Sasa saa nne asubuhi jua la Dodoma limeshawaka, upepo wa Agosti unamjaza vumbi machoni, bodaboda nao wanapita hadi njia ya miguu. Anabaki sebuleni na tamthilia za Kituruki (anazijua kumshinda mama!). Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wapate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Sawa, atembelee wapi? Nyerere Square, uwanja wa mapumziko katikati ya jiji, ni nauli kwenda na kurudi.