Kipimo cha Kunusa: Tuchanganye Wenyewe au Tuagize?

Mgonjwa akisema haoni vizuri, husomeshwa herufi ukutani. Akisema hasikii harufu, mara nyingi faili huandikwa maneno hayohayo na safari inaishia hapo. Kupoteza harufu kunaweza kutokana na vinyama vya puani, jeraha la kichwa au UVIKO-19, na katika ugonjwa wa Parkinson, unaoathiri ubongo na mwendo, huweza kutangulia mtetemeko kwa miaka. Bila kipimo, daktari hawezi hata kujua kama dawa aliyotoa imesaidia.

Vipimo viwili vimetawala. UPSIT ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1984 na Richard Doty na wenzake, ni vijitabu vyenye harufu 40: mgonjwa anakwangua kwa penseli, ananusa, anachagua jibu moja kati ya manne. Sniffin' Sticks za Ujerumani, za mwaka 1997, ni kalamu zinazopima mambo matatu: harufu hafifu kiasi gani mtu anaisikia, kama anatofautisha harufu, na kama anazitambua. Ubora wa vyote viwili hauko kwenye karatasi wala wino. Uko kwenye viwango vya watu wenye afya, kwa umri na jinsia, vinavyomwonyesha daktari alama 28 zina maana gani kwa mzee wa miaka 70.

Lakini kijitabu hutumika mara moja na kutupwa, na kalamu hukauka. Tena orodha ya UPSIT ina soda ya Kimarekani iitwayo root beer na pai ya maboga. Mkulima wa Pemba akikosa hayo, hajashindwa pua. Ameulizwa kitu ambacho hajawahi kukila. Mpe karafuu uone.

Ndiyo maana kuchanganya wenyewe kunavutia, na inawezekana kabisa. Kliniki ya Connecticut, Marekani, ilichapisha njia yake mwaka 1988 kwa kutumia butanoli, aina ya alkoholi, na maji. Weka mililita 4 za butanoli, jaza maji ya maabara hadi 100: hiyo ni asilimia 4, chupa namba 0. Chukua mililita 30 za mchanganyiko huo, jaza maji hadi 90, upate namba 1. Endelea hivyo mpaka namba 9. Fanya kazi penye hewa, mbali na moto. Kila hatua iwe na bomba lake la sindano, kwa kuwa tone lililobaki la chupa kali huharibu chupa zote hafifu zinazofuata. Chupa za maji matupu, ambazo mgonjwa hulinganisha nazo, ziwe za aina ileile na zioshwe vilevile. Plastiki mpya ina harufu yake, na mgonjwa mwerevu ataifuata hiyo.

Kosa kubwa zaidi ni la hesabu. Mgonjwa hupewa chupa mbili, moja ya maji, na hufaulu akipatia mara 4 mfululizo. Kwa kubahatisha, hiyo ni bahati 1 kati ya 16. Lakini anaanzia chupa hafifu na kupanda, na kila hatua ni bahati mpya: katika hatua 10, asiyesikia chochote ana karibu nusu ya uwezekano wa kufaulu mahali fulani. Ongeza chupa moja tu ya maji, ziwe tatu, na uwezekano huo hushuka hadi takriban 12 kati ya 100. Ni uboreshaji wa bei ya maji.

Kosa la pili ni mwasho. Butanoli kali, siki, amonia na dawa za mentholi huwasha neva ya trijemini, inayoleta hisia za uso, ambayo si neva ya kunusa. Aliyepoteza harufu kabisa anaweza kusema "nimesikia" kwenye chupa namba 0. Kwa hiyo usimhesabie chupa za juu bila kumpima pia kutambua harufu: kahawa, mdalasini, karafuu, sabuni, samaki mkavu, ndani ya chupa zisizoonyesha, viungo vikiwa vimesagwa karibuni. Na zima feni. Feni ya chumba cha daktari inaweza kuharibu kipimo kama kemikali mbovu.

Kwa maoni yetu, chupa za kuchanganya wenyewe zinatosha kujibu maswali mawili: anasikia au hasikii, na amebadilika tangu kipimo kilichopita? Hazitoshi kwa madai ya fidia, wala kumtilia mtu shaka ya Parkinson, kwani hapo alama bila kiwango cha rika lake inaweza kumtisha bure au kumtuliza vibaya. Wanaosema kipimo hiki ni cha bei ya chai wamesahau saa za muuguzi, na wamesahau kazi nzito kuliko zote: kupima kwanza watu wasio na tatizo, vijana na wazee, kwa chupa zilezile, chumba kilekile. Hospitali mbili zikichanganya kwa vipimo tofauti, namba 6 ya moja si namba 6 ya nyingine. Wizara ikiandika mchanganyiko mmoja na orodha moja ya harufu, kazi hiyo ya kupima wasio na tatizo itafanywa mara moja badala ya kila hospitali kuianza upya.