Roli 10 za Muhula

Jana mtoto karudi na karatasi. Nikadhani ripoti. Wapi! Mahitaji ya muhula wa pili: rimu mbili, fagio la chelewa, sabuni ya unga, sweta lenye nembo (linauzwa shuleni tu, la soko la Mwanjelwa hapa Mbeya hawalitaki) na karatasi za chooni roli 10. Januari nilipeleka 10. Mtoto mwenyewe ana miaka saba! Ada shule za serikali ilishafutwa, najua, usinikumbushe mimi. Mkumbushe mama yake, anayeona watoto wa jirani wakipanda basi la njano kila alfajiri.

Bado nimeshika karatasi, hodi. Shangazi, kutoka Tukuyu, na mkungu wa ndizi. Hata kuketi hajaketi:

"Wa tatu yuko wapi?"

Nikakohoa kama mwenyekiti wa kikao. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba nchi nzima inapunguza: utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa zaidi ya 6.

"Hiyo nukta nane ni kichwa au miguu?"

Nikakimbilia Korea ya Kusini. Kule mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, mtoto mzima hatimii, mpaka serikali inawapa wazazi pesa. Hapo nikawa nimejichongea.

"Kumbe unasubiri ulipwe!"

Basi nikamsomea karatasi. Kwenye rimu akauliza mtoto anakwenda kusoma au kufungua duka la stesheneri. Kwenye roli 10 akanyamaza, akamtazama mjukuu wake kuanzia juu mpaka chini. Mjukuu akajificha nyuma ya kochi.

"Mnamlisha nini huyu?"

"Viazi, Shangazi."

"Sisi tukipata mtoto, shamba limepata jembe. Baba yako umri huu alikuwa anachunga ng'ombe."

"Huyu nikimpa jembe, Shangazi, atauliza linachajiwa wapi."

Hakucheka. Akasema alizaa tisa, akazika watatu, hakuna siku aliyoulizwa kama anataka wa kumi au basi. Akatoa kisu, akaanza kukata vichane.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu wa maana. Lakini nilishawaka. Nikamwambia vyumba ni viwili, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na kabla ya kupokea anahesabu vichwa. Mama yao anatoka dukani saa mbili usiku. Dada wa kazi katoroka Pasaka. Wa tatu alale wapi, kwenye beseni? Amlee nani, Mlima Loleza? Nikajikuta nimesimama, natikisa karatasi ya shule, sauti imefika kwa jirani, na jirani kapunguza redio asikie vizuri.

"Umemaliza?" akauliza Shangazi. "Nipe kitu cha kuvundikia ndizi."

Nusu ya mkungu ni za kuivisha, na baridi hii ya Juni mnaijua. Mwaka jana zilikaa wiki mbili kijani vile vile kama sare ya mgambo. Mke wangu akaleta blanketi. Blanketi langu. Nimelala na koti, soksi jozi mbili, na alfajiri nikamsikia Shangazi sebuleni anazifunua taratibu, anazikagua, anazifunika tena.