Mchango Usioweza Kukataliwa

Mwezi Julai 2021, Watanzania wanaotumiana fedha kwa simu walianza kukatwa kiasi kipya katika kila muamala, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kulingana na ukubwa wa fedha inayotumwa au kutolewa. Kiasi hicho kiliwekwa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge, kikakatwa na mtandao bila mwenye fedha kuulizwa, na hapakuwa na namna ya kukikwepa isipokuwa kuacha kutumia huduma yenyewe. Kwa kipimo chochote kile, hiyo ilikuwa kodi. Hata hivyo, katika hotuba na mahojiano iliitwa tozo ya mshikamano, na wapo waliokwenda mbali zaidi wakaiita tozo ya uzalendo. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba kabla ya mwaka kwisha Serikali iliipunguza kwa asilimia 30. Mjadala wa wakati ule ulihusu viwango karibu peke yake, nami naamini kwamba jina lilistahili kujadiliwa kwa uzito uleule.

Anayehoji kodi ni mlipakodi, na hakuna anayeshangaa akiuliza imewekwa na nani, ni kubwa kiasi gani, na inakwenda wapi. Anayehoji uzalendo huonekana mtu wa namna nyingine kabisa. Kabla hajafungua kinywa kuuliza hesabu, jina lenyewe limekwisha kumweka upande wa wasioipenda nchi yao, kwa hiyo hulazimika kwanza kujitetea kwamba anaipenda, na muda wa kuuliza swali lake unakuwa umepita. Sisemi kwamba kila kiongozi aliyelitumia jina hilo alikusudia kuziba watu midomo. Wengi bila shaka walitaka tu kueleza kwamba fedha hizo zingejenga vituo vya afya na madarasa, jambo ambalo ni jema. Lakini kodi huweza kujenga kituo cha afya bila kubadilishwa jina, na ndivyo ilivyofanya siku zote.

Kwa haki, neno tozo lenyewe halina kosa. Kutoza ni kumfanya mtu atoe. Shuruti imo ndani ya kitenzi, na ndiyo maana tunasema mtu ametozwa faini wala hatusemi amechangia faini. Tatizo limo katika maneno yanayopachikwa mbele yake ili kuificha shuruti hiyo, na zaidi katika neno jingine linalopendwa sana majukwaani, yaani mchango.

Mchango una kwao. Katika harusi kuna kadi, kamati na mweka hazina, na kila aliyeahidi huandikwa jina lake. Katika msiba kuna daftari la rambirambi, na mara nyingi baada ya mazishi msemaji wa familia husimama akawatangazia waombolezaji kiasi kilichopatikana na kilivyotumika. Asiye na uwezo huja na mikono mitupu akasaidia kuchimba kaburi au kuchota maji, na hakuna mgambo anayetumwa kwake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, waliotutangulia walisema, na moyo wanaousifu ni ule ambao ungeweza pia kukataa. Kwa hiyo mchango huja na mambo matatu pamoja: hiari ya mtoaji, jina lake kutambuliwa, na haki yake ya kusikia hesabu. Mamlaka inapokata fedha kwa nguvu ya sheria na kuziita mchango, inachukua sifa nzuri ya neno hilo na kuyaacha yote matatu.

Ninaelewa kwa nini viongozi hulikimbia neno kodi, kwani katika nchi hizi lina historia chungu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi hiyo, pamoja na kulazimishwa kulima pamba, ni miongoni mwa sababu zilizowafanya watu wa kusini wainuke katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza nao waliendelea na kodi ya kichwa. Hata baada ya uhuru kulikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo vijijini watu waliendelea kuiita kodi ya kichwa kwa sababu waliijua kwa jinsi ilivyokusanywa, huku wanaume wakikimbilia porini waliposikia kwamba mgambo wanapita. Ilifutwa mwaka 2003. Ni kumbukumbu nzito, na jina la maendeleo halikuifuta. Wananchi walitazama kilichokuwa kikifanyika, wakakiita kwa jina la zamani.

Zipo pia kodi zilizoitwa kwa jina sahihi lakini zikawekwa mahali ambapo jina halionekani. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo Tanzania Bara hulipwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye wajibu wa kuilipa ni mmiliki wa jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, ambaye tayari anamlipa mwenye nyumba kodi ya pango. Mpangaji huyo akisoma katika hotuba kwamba wenye majengo wanalipa kodi yao, ataona kila neno liko sawa, ila maelezo hayalingani na kilichotoka mfukoni mwake.

Mahali ambapo maneno haya yameumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni shuleni. Waraka wa mwaka 2015 ulifuta ada katika elimumsingi, kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Lugha rasmi ilisema elimu bila malipo. Lugha ya mtaani, na ya wanasiasa wengi, ikasema elimu bure. Mzazi aliyesikia neno bure alielewa, na alikuwa na haki ya kuelewa, kwamba hatadaiwa kitu. Mwalimu mkuu, ambaye ruzuku iliyoletwa haikutosha kumlipa mlinzi wala kununua chakula cha mchana, aliona hana njia isipokuwa kuitisha mchango. Mchango huo ulipitishwa katika kikao cha wazazi, ukapangiwa kiwango na tarehe ya mwisho, na katika shule nyingi mtoto ambaye hakulipiwa alirudishwa nyumbani. Mambo yalifika mahali ambapo Rais Magufuli, Januari 2018, aliagiza kwamba mwanafunzi yeyote asirudishwe nyumbani kwa sababu ya michango. Tazama jinsi maneno mawili yalivyowagombanisha watu wasio na kosa: neno bure lilimfanya mzazi amwone mwalimu kuwa tapeli, na neno mchango likamfanya mwalimu amwone mzazi kuwa mkaidi. Swali la kweli, yaani kwamba ruzuku ni kiasi gani na mahitaji ya shule ni kiasi gani, halikupata neno la kulibeba.

Wakenya wamelipitia jambo hili kwa njia yao. Harambee, iliyohimizwa na Jomo Kenyatta tangu 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi kwa nguvu za watu wenyewe, lakini katika miaka ya Moi ilifika mahali ambapo machifu walidai fedha za harambee kwa lazima. Mwaka 2023 ulikuja mjadala wa fedha za nyumba za bei nafuu. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 3 ya mshahara, na lilielezwa kama akiba ambayo mfanyakazi angekuja kunufaika nayo au kurudishiwa. Sheria ilipopitishwa, akiba ilikuwa imegeuka makato ya asilimia 1.5, mwajiri naye akitoa kiasi hichohicho, na habari ya kurudishiwa ilikuwa imeondoka. Mahakama Kuu ilipoyatengua makato hayo Novemba mwaka huohuo, haikushughulika na uzuri wa nyumba zilizoahidiwa. Iliona kwamba hayakuwa na msingi kamili wa kisheria na kwamba kuwakata wenye ajira rasmi peke yao ni ubaguzi. Bunge lililazimika kutunga sheria nyingine, iliyotiwa saini Machi 2024. Mtu anaweza kuipinga sheria hiyo au kuiunga mkono, lakini walau ilibidi iitwe mbele ya wabunge kwa kile ilicho.

Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania inasema kwamba kodi ya aina yoyote haitatozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya inaweka sharti la namna hiyo. Ulinzi huu ni mkubwa, na hufanya kazi vizuri pale tu ambapo raia anatambua kwamba anachotozwa ni kodi. Ndiyo maana ninawalaumu, pamoja na wanasiasa, wahariri wa vyombo vyetu vya habari, ambao kila Juni bajeti inaposomwa hunakili majina ya tozo kama yalivyotoka katika hotuba. Mhariri akiandika kwamba kodi mpya imewekwa kwenye miamala, na kwamba Serikali inaiita ya mshikamano, atakuwa ametaja yote mawili na kumwachia msomaji aamue.

Neno mchango linabaki na nafasi moja katika sheria ambayo siwezi kuikataa, nayo ni bima. Anayechangia bima ya afya au hifadhi ya jamii ana jina lake kwenye daftari na ana stahili anayoweza kuidai kwa namba yake ya uanachama. Tanzania ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya tangu Oktoba 2024 inakata asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wake mpya. Katika nchi zote mbili viongozi wanaziita fedha hizi michango. Nitalikubali jina hilo siku ambayo mama aliyelipa atafika hospitali na kupata dawa iliyoandikwa na daktari bila kuambiwa akainunue nje, na mfuko utakapochapisha hesabu zake kwa lugha anayoisoma.