Nani apange saa ya kuwasha upya kompyuta?

Waliotumia Windows XP wanaikumbuka arifa iliyojitokeza kwenye skrini baada ya masasisho kuingia, ikitaka kompyuta iwashwe upya. Ukiiahirisha, ilirudi baada ya dakika 10, na haikuchoka kurudi mpaka mtu akubali au aizime huduma yenyewe ya masasisho. Matoleo ya baadaye yamelegeza masharti, ila mvutano uko palepale: mtengenezaji anataka kiraka, yaani sasisho la kuziba kasoro, kianze kazi, mwenye kompyuta anataka kumaliza yake kwanza.

Hoja ya mtengenezaji si ya kupuuzwa. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei, programu hasidi iitwayo WannaCry ilipenya kupitia tundu hilohilo, ikayafunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hospitali za umma nchini Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kiraka kilichopakuliwa tu hakimkingi mtu, kwa kuwa Windows kwa kawaida hairuhusu faili linalotumika libadilishwe, na hivyo mafaili mapya hungoja mfumo uanze upya. Hata Linux, mfumo endeshi mwingine, ambayo huruhusu badiliko hilo, huiacha programu inayoendelea ikitumia nakala ya zamani mpaka ianzishwe tena.

Hayo yote yanathibitisha ulazima wa kuwasha upya. Hayathibitishi kwamba mashine ndiyo ipange saa. Aliyeacha hesabu ndefu ikiendelea usiku kucha anaweza kukuta asubuhi kazi yote imepotea. Mwaka 2016 Windows 10 ilipewa saa za matumizi, ambazo ndani yake kompyuta haijiwashi upya yenyewe. Mpango huo unaifaa ofisi ambayo kompyuta zake hukesha zikiwa zimewashwa, lakini mwenye kompyuta mpakato anayeifunika kila jioni huifungua pale tu anapotaka kufanya kazi, na hapo ndipo arifa inapomkuta. Tena kuizima kompyuta peke yake huenda kusitoshe: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, uwashaji wa haraka huhifadhi kiini cha mfumo, yaani sehemu yake ya msingi, kwenye diski na kukirejesha kilivyokuwa kompyuta ikiwashwa, badala ya kukianza upya. Mtu anayezima kila siku akiona bado anaambiwa awashe upya, ana sababu ya kudhani anadanganywa.

Kwangu mimi, hasara kubwa kuliko usumbufu ni mazoea. Arifa isiyokoma humfundisha mtu kubofya “baadaye” bila kusoma, na wengine huishia kuzuia masasisho yote, jambo ambalo ni hatari kuliko kuchelewa wiki moja. Ruhusa ya kusitisha masasisho hadi siku 35 ina heshima zaidi, kwa sababu ina kikomo kinachojulikana.

Njia ya kuepuka sehemu kubwa ya ugomvi huu ipo. Kiini cha Linux kimeweza kutiwa viraka kikiwa kazini tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, na mwaka 2025 Microsoft ilianza kutoa huduma ya namna hiyo kwa Windows 11, ikipunguza miezi ya lazima ya kuwasha upya kutoka 12 hadi 4 kwa mwaka. Lakini iliilenga mashirika yenye leseni maalumu. Mtumiaji wa nyumbani amebaki na arifa zake, na lililo jepesi kwake ni kuchagua “sasisha na uzime” anapomaliza kazi jioni, kabla mashine haijamchagulia saa.